Umepigwa kalamu Mombasa? Namna ya kudai pesa zako, kuanzia siku ya barua mpaka kotini

Ile Ijumaa nimetoka kuswali tu, narudi godauni, nikaitwa ofisi ya juu. Nikamkuta HR, menija, na karatasi mbili mezani na kalamu imeshatolewa kifuniko. Karatasi ya kwanza inasema kazi imepungua kampuni inapunguza watu. Ya pili ina mistari minne tu, kwamba mimi fulani nimepokea shilingi 52,000 na sina dai lingine lolote sasa wala baadaye. Nikaambiwa weka sahihi hapa chini, hundi hii hapa, mambo yaishe. Miaka sita na miezi minane nimehesabu makontena pale Changamwe na nusura nisaini, manake mkono ulikuwa unatetemeka na kodi ya nyumba ilikuwa Jumatatu. Kilichoniokoa ni mzee mmoja dereva wa foklifti, yeye alitangulia kuitwa, tukapishana mlangoni akaninong'oneza "usisaini mwanangu, waambie unaenda kuisoma nyumbani." Nikasema vile vile alivyosema. Miezi miwili baadaye nililipwa 143,000 kabla ya makato, kampuni ile ile, mtu yule yule.

Ndo maana naandika hii kwa urefu. Hapa Mombasa watu wanafutwa kila siku, mahoteli ya Nyali mpaka Shanzu, mayadi ya makontena, viwanda vya nguo, maduka ya mjini, na wengi wanarudi nyumbani na theluthi ya haki yao kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Kwanza, pesa ya serikali ya kukosa kazi haipo

Swali naulizwa sana ni "naenda ofisi gani nikachukue ile pesa ya wasio na kazi?" Mtu ameskia binamu yake wa Uingereza alipofutwa alienda Jobcentre akajaza madai akaanza kupata kitu, ama ameskia kutoka kwa shemeji wa Tanga kwamba Tanzania mtu aliyechangia mfuko wa jamii angalau miezi 18 na kazi ikaisha bila yeye kujitoa anaweza kupata fao la kukosa ajira, theluthi ya mshahara kwa muda wa miezi sita. Kenya haina mfuko wa namna hiyo. Hakuna fomu, hakuna ofisi, hakuna laini. Kwa hivyo ukiona mtu Fesibuku anakwambia tuma mia tano akujazie fomu ya pesa ya waliopoteza kazi, huyo ni mwizi, mfungie.

Kitu ulicho nacho Kenya ni deni. Mwajiri anadaiwa na wewe kwa Sheria ya Ajira ya 2007, halafu kuna pesa ambazo zilikuwa zinakatwa kwa jina lako zikawekwa mahali, na huenda kuna kidogo KRA, watu wa kodi, wanapaswa kukurudishia. Kila moja ina mlango wake na ina saa yake inayohesabu, na saa ya kwanza inaanza siku ile ile umepewa barua.

Siku ya barua: usisaini, usiresign, usitoke mikono mitupu

Karatasi ya kusema hudai tena ni hatari kuliko barua yenyewe ya kufutwa. Barua ya kufutwa huwezi kuikataa, ipokee, na wakitaka sahihi andika "nimeipokea tu", weka tarehe na saa. Lakini ile ya kumaliza madai kaisome nyumbani na mtu mwingine aisome. Mahakama huiangalia kama makubaliano, ukishasaini kwa hiari yako na ukalipwa, kuja kuivunja ni kazi ngumu sana. Kama hali imekubana na ile hundi unaihitaji leo, andika kwa mkono wako juu ya sahihi kwamba unapokea pesa hizi bila kuacha haki yako ya kudai zilizobaki, halafu ipige picha kabla hujairudisha mezani.

La pili, usiandike barua ya kuacha kazi kama hujaacha. Hii iko sana mahotelini wageni wakipungua kuanzia Aprili, supavaiza anakuita pembeni kwa upole anakwambia andika tu umeresign ndo jina lako lisiharibike, tutakuita msimu ukirudi. Ukiandika umejitoa mwenyewe, malipo ya miaka hakuna tena, na notisi sasa wewe ndo unadaiwa. Kama wanataka utoke, wao ndo waandike.

Na kama umeambiwa kwa mdomo tu "kesho usije", usilale nyumbani ukingoje. Watume ujumbe siku hiyo hiyo, imeli au Watsap, maneno machache: leo tarehe fulani saa fulani fulani ameniambia nisije tena kazini, naomba barua na sababu. Wasipojibu tayari una ushahidi. Ukinyamaza siku tatu watasema umetoroka kazi, nimeona ikifanyika zaidi ya mara moja.

Halafu ushahidi. Kabla kadi ya geti haijachukuliwa na kabla hujatolewa kwenye grupu ya kazi, kusanya. Skrinshoti za ratiba za zamu, meseji za menija akikupangia kazi, slipu za mshahara hata kama ni za mwaka juzi, picha uko na yunifomu, barua ya kuajiriwa, fomu za likizo. Ulikuwa unalipwa kwa simu, toa stetimenti ya M-Pesa, ulikuwa unalipwa benki toa ya benki. Tuma zote kwa imeli yako mwenyewe, manake simu hupotea kwenye matatu ya Likoni na kesi yako inapotea nayo.

Na stetimenti ya NSSF, ule mfuko wa serikali wa akiba ya uzeeni, hii watu hawaifikirii kabisa na ndo silaha kubwa ya vibarua. Inaonyesha mwezi kwa mwezi nani alikuwa anakuchangia. Mwajiri akisimama mbele ya afisa akasema huyu simjui, alikuwa anakuja siku moja moja, na stetimenti inaonyesha jina la kampuni yake miezi thelathini mfululizo, mjadala umekwisha. Vile vile ikionyesha mapengo, yaani slipu yako inasema ulikatwa lakini NSSF haikufika, hilo ni kosa la kisheria na unaripoti NSSF wenyewe, wana watu wa kufuatilia waajiri.

Jua umetolewa kwa njia gani

Hapa ndo watu wanachanganya. Pesa unazodai zinategemea jina la njia uliyotolewa, kwa hivyo soma barua yako polepole.

Kama barua inasema kazi imepungua, kitengo kimefungwa, kampuni inajipanga upya, mashine imechukua nafasi, hiyo ni ridandansi, hata wakiiita jina lingine. Kosa si lako na sheria kwenye kifungu cha 40 inawabana kweli kweli. Wanatakiwa waiarifu ofisi ya leba kwa maandishi angalau mwezi mmoja kabla, na chama cha wafanyakazi kama wewe ni mwanachama, na kama si mwanachama wakuarifu wewe mwenyewe kwa maandishi. Wanatakiwa wachague nani atoke kwa kuangalia muda aliokaa, ujuzi, uwezo na kutegemeka kwake, si kwa sababu fulani hamuelewani na menija. Halafu wakulipe likizo uliyobakisha kwa pesa taslimu, notisi ya mwezi au mshahara wa mwezi badala yake, na ile inayoandikwa severance kwenye barua, siku zisizopungua 15 za mshahara kwa kila mwaka uliotimiza. Kama kazini kuna mkataba wa pamoja kati ya chama na waajiri, mara nyingi siku ni zaidi ya hizo 15, kwa hivyo ulizia tawi la chama chako kabla ya kupiga hesabu. Wa mahotelini ni KUDHEIHA, wa bandarini Dock Workers Union.

Kama unashtakiwa kosa, uzembe, au ati kazi huiwezi, kifungu cha 41 kinasema lazima uelezwe kosa kwa lugha unayoifahamu na usikizwe kabla ya uamuzi, na una haki ya kwenda na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama. Kuitwa dakika tano na barua tayari imeprintiwa hiyo si kusikizwa. Hapa malipo ya miaka kama ya ridandansi hakuna, ila ukithibitisha umefutwa kwa njia isiyo ya haki mahakama inaweza kukupa fidia mpaka mishahara ya miezi 12. Si kwamba kila mtu anapewa 12, wengi wanapewa chini ya hapo, usipange maisha juu ya ile 12.

Hata aliyefutwa papo hapo kwa kosa kubwa, siku alizofanya ni zake na likizo aliyobakisha ni yake. Hakuna sheria ya kumla mtu mshahara wa siku alizotoka jasho.

Mkataba wa muda, kama ule wa msimu hotelini, ukiisha tarehe yake imeisha, unadai likizo na kama mkataba ulitaja kiinua mgongo unakidai, basi. Aliye kwenye majaribio notisi yake ni siku saba au mshahara wa siku saba.

Na nyinyi vibarua someni hapa vizuri. Kuitwa kibarua hakukufanyi kibarua. Kifungu cha 37 kinasema ukifanya kazi siku mfululizo zinazofika mwezi, ama kazi yenyewe si ya kuisha chini ya miezi mitatu, unahesabika mtu wa mkataba wa mwezi, notisi unastahili. Mwajiri ndo mwenye jukumu la kuandika mkataba na kuutunza, akikosa kuuleta mbele ya mahakama basi yeye ndo anayetakiwa kuthibitisha kwamba unayoyasema si kweli. Kwa hivyo usiseme "mie sina mkataba sina haki". Kinyume chake.

Piga hesabu mwenyewe kabla hujapigiwa

Nakupa yangu yote shilingi kwa shilingi ndo uone. Mshahara 26,000. Siku za kazi kwa mwezi 26, kwa hivyo siku moja ni 1,000. Nilikuwa nimefanya siku 13 za mwezi ule, hiyo 13,000. Notisi sikupewa, mwezi mmoja 26,000. Likizo kwa sheria ni siku 21 za kazi kwa mwaka, yaani siku moja na robo tatu kila mwezi, na tangu mwaka wangu wa sita utimie ilikuwa imepita miezi minane sijatoka, minane mara moja na robo tatu ni siku 14, hiyo 14,000. Miaka, nilikuwa nimetimiza sita, ile miezi minane haihesabiwi kwenye hii, sita mara 15 ni siku 90, hiyo 90,000. Jumlisha: 143,000. Na wao walikuwa wanataka nisaini 52,000.

Angalia ujanja mmoja. Kampuni nyingi zinagawa mshahara kwa 30 badala ya 26. Siku yangu ingekuwa 867 hivi, na pesa ya miaka ingeshuka kutoka 90,000 mpaka 78,000. Elfu kumi na mbili imepotea kwa kubadilisha namba moja chini. Kifungu cha 40 hakisemi ugawanye kwa ngapi, ndo hapo wanapochezea, kwa hivyo wewe dai kwa 26 kama ulikuwa unafanya siku sita kwa wiki, na uwe tayari kueleza kwa nini.

Vingine vya kuangalia: ovataimu ambayo haikulipwa, sikukuu ulizofanya kazi, nyumba. Mwajiri anatakiwa akupe makao au marupurupu ya nyumba, kama slipu haionyeshi na mshahara haukusemwa unajumlisha nyumba, liandike. Na kima cha chini, agizo lililoanza Novemba 2024 lilisema mfanyakazi wa kawaida kabisa wa mkono hapa Mombasa asiwe chini ya shilingi 16,113.75 kwa mwezi bila nyumba. Kama ulikuwa unapewa elfu tisa, ile tofauti ni deni pia.

Deni la mkopo wa kampuni watalikata, hiyo ni sawa kama ulisaini. Lakini usikubali makato ya "vitu vilivyopotea" ambayo hujawahi kuelezwa. Dai waandike kila kato kwenye mstari wake, pamoja na PAYE, yaani kodi ya mshahara.

Barua ya madai

Usianzie kwa wakili, anzia kwa barua yako mwenyewe. Ukurasa mmoja unatosha: jina lako, namba ya kazi, ulianza lini, ulitolewa lini, ulikuwa unalipwa ngapi, kisha hesabu yako mstari kwa mstari kama nilivyofanya hapo juu, na mwisho uwape siku 14 walipe na wakupe cheti cha kazi. Usitukane, usisimulie ya supavaiza na ndugu yake. Peleka nakala mbili, moja wapige muhuri ubaki nayo, na kama askari wa geti anakataa kuipokea itume kwa imeli ya kampuni na uandike tarehe uliyokataliwa. Kwangu walikataa kupiga muhuri, nikatuma imeli palepale nimesimama chini ya mwarobaini wa geti.

Ofisi ya leba, na hii ina miezi mitatu tu

Siku 14 zikipita kimya, nenda ofisi ya leba ya kaunti. Kama huijui ilipo ulizia Huduma Centre pale Posta ya Digo Road. Malalamiko ya kufutwa kwa njia isiyo ya haki sheria inataka uyapeleke kwa afisa wa leba ndani ya miezi mitatu tangu tarehe ya kufutwa, kwa hivyo usikae ukingoje ahadi za "wiki ijayo hundi itatoka". Huduma ni bure. Mtu akikuambia toa kitu faili itembee, huyo si ofisi.

Fika asubuhi mapema. Beba kitambulisho na nakala yake, barua ya kufutwa, barua yako ya madai, slipu, stetimenti ya NSSF, na hesabu yako kwenye karatasi safi. Afisa anachukua maelezo yako, anamwandikia mwajiri barua ya kumuita siku fulani mkae nyote watatu. Mara nyingine unapewa barua uipeleke mwenyewe, ipeleke na urudi na nakala yenye muhuri.

Kwangu siku ya kwanza hawakuja. Usivunjike moyo hapo, ni kawaida, wengi wanajaribu kuona kama utachoka. Afisa aliandika barua ya pili. Siku ya pili alikuja HR na faili kubwa la kijani, akaanza kueleza soko la mizigo, makontena siku hizi yanapanda reli moja kwa moja, kampuni ina hasara. Yule afisa, mama mtulivu, hakubishana naye hata kidogo. Alimwachia amalize halafu akamuuliza swali moja: ile barua mliyoiletea ofisi yangu mwezi mmoja kabla ya kupunguza watu iko wapi? HR akafungua faili, akafunua, akafunua, akarudi mwanzo. Haikuwepo. Hawakuwahi kuiandika. Mama akachukua kalkuleta yake akanisogezea karatasi yangu tukapitia mstari mmoja mmoja, na pale kwenye 26 HR alitaka kubisha, mama akamuuliza huyu alikuwa anapumzika siku ngapi kwa wiki, akajibu Jumapili, basi. Tukasaini makubaliano ya 143,000 kwa awamu mbili, tarehe zimeandikwa, na safari hii kalamu niliishika mwenyewe.

Kwa hivyo swali la ile barua ya kuarifu ofisi ya leba usilisahau kama umetolewa kwa ridandansi. Liulize hata kama afisa hajaliuliza.

Ikishindikana, kotini

Ofisi ya leba haina nguvu ya kumlazimisha mwajiri kichwa ngumu. Hapo unaenda mahakama ya ajira na kazi, ipo hapa Mombasa. Kama mshahara wako wote kwa mwezi haukuzidi 80,000 kesi inaweza kusikizwa na mahakimu waliopewa mamlaka hiyo.

Muda wa kufungua kesi ni miaka mitatu tangu siku ya kufutwa, na jambo ambalo limewaangusha watu wengi ni hili: mazungumzo hayasimamishi hiyo saa. Unaweza kukaa leba mwaka, ukaandikiana barua na kampuni mwaka mwingine, ukangoja mwaka wa tatu umeahidiwa, siku ukienda kotini unaambiwa muda umepita na kesi inafia mlangoni hata kama haki ilikuwa yako waziwazi. Weka hiyo tarehe kwenye simu leo, na weka alamu nyingine miezi sita kabla yake.

Pesa ya wakili kama huna, Kituo cha Sheria wana ofisi Mombasa na wanasaidia wasio na uwezo, MUHURI, wale wa haki za binadamu, pia waulizie. Kama uko kwenye chama, chama kinaweza kukusimamia, ndo maana ulikuwa unakatwa ada. Ukichukua wakili wa kulipwa kwa asilimia, andikianeni mwanzo.

NSSF, pensheni na Sacco

NSSF watu wanaumia moyo hapa. Kupoteza kazi peke yake hakukufungulii pesa ya NSSF. Umri wa kustaafu ni 60, na anayeweza kuchukua mapema ni aliyefika 50 na hana ajira tena. Kama una miaka 34 pesa yako ipo salama lakini utaingoja, unaweza kuendelea kujichangia kidogo kidogo kwa hiari. Aliyefika 50, nenda na kitambulisho, barua ya kutoka kazini na namba ya akaunti ya benki, na majina yafanane kote, Mohamed na Mohammed kwenye kompyuta ni watu wawili.

Pensheni ya kampuni ni mambo mengine. Kama slipu yako ilikuwa na kato la pensheni mbali na NSSF, basi kuna mfuko wenye wasimamizi, na ukitoka kabla ya umri wa kustaafu unaruhusiwa kuchukua michango uliyokatwa wewe na sehemu ya ile ya mwajiri, inayobaki inafungwa mpaka ustaafu. Waandikie wasimamizi wa mfuko moja kwa moja, usimuachie HR akufanyie.

Sacco, yaani chama chako cha akiba na mikopo, kabla hujatoa akiba angalia umemdhamini nani na nani kakudhamini. Nyingi zinataka notisi ya siku 60 kutoa akiba, na mkopo wako utakatwa kwanza.

Na kama una mkopo wa benki uliokuwa unalipwa na mshahara, nenda benki kabla tarehe ya kulipa haijapita, sio baada. Waombe wakuonyeshe mkataba wa bima ya ule mkopo, manake baadhi ya bima zinalipa miezi kadhaa mtu akipunguzwa kazini, na hakuna atakayekupigia simu kukukumbusha. Mwenye HELB, ule mkopo wa masomo wa serikali, naye awaarifu, faini zinajijenga kimya kimya.

Mambo ya afya na KRA

SHA, bima ya afya ya serikali, ilikuwa inalipwa na kato la mshahara, asilimia 2.75. Kato likisimama inabidi ujilipie kama mtu asiye na mshahara, unapiga *147# unafanya ile tathmini ya mapato, na kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi ila kinatakiwa cha mwaka mzima pamoja. Jibu maswali kwa hali yako ya sasa, si ya ulipokuwa kazini. Pesa ya nyumba, ile asilimia 1.5, hairudi, hiyo ni tozo.

KRA usiikimbie. Dai kwa mwajiri fomu ya P9, inayoonyesha mshahara na kodi uliyokatwa, ya ile miezi uliyofanya na ufaili kabla ya tarehe 30 Juni. Kama ulifanya miezi mitano tu mwaka ule, afueni ya kodi uliyopewa ni ya miezi mitano, 2,400 mara tano, 12,000, wakati ya mwaka mzima ni 28,800. Kwa hivyo hesabu ya mwaka mara nyingi inaonyesha ulikatwa zaidi, na ile ziada unaiomba irudishwe hapo hapo kwenye iTax, tovuti ya KRA.

Cheti cha kazi

Hii niliiacha mwisho kwa sababu watu wakishapata pesa wanaisahau. Cheti cha kazi si hisani, ukifanya kazi zaidi ya wiki nne mwajiri lazima akupe, na kukunyima ni kosa. Hawalazimiki kuandika sifa zako wala sababu ya kutoka, ila lazima kiwe na jina na anwani ya kampuni, jina lako, kazi uliyofanya na mahali, siku uliyoanza na siku uliyomaliza. Nilienda kuchukua changu Jumatano, askari akaniletea kwenye bahasha pale getini. Nikakisoma kabla sijapanda bodaboda, wakawa wameandika nilianza mwaka mmoja nyuma ya ule niliotoka, yaani miaka yangu sita imekuwa mmoja. Nikakirudisha dirishani. Nilingoja saa moja na nusu juani, kikaletwa kingine, tarehe sahihi, muhuri bado mbichi.